Baiskeli Mbaya Haiibwi

Treni ilikuwa imekwisha kusimama na milango kufunguka, na Adelmo Zaghi alikuwa bado anahesabu. Wazee wanane, masanduku kumi na moja. Hesabu hiyo haikumpendeza hata kidogo. Mtu anayekuja kufanya kazi ya bure kwa wiki tatu anahitaji sanduku la pili la nini, kama si la kubebea anachokuja kuchukua?

"Tabasamu basi, Bwana Adelmo," Loredana alimnong'oneza. "Wageni hao, si watu wa kodi."

"Si natabasamu?"

"Hayo ni meno tu."

Loredana ndiye aliyekuwa mkuu wa chama cha wajitoleaji pale Ferrara, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwenye simu mbili na usingizi mchache. Mwaka mzima alikuwa ameandikiana na wenzake wa Ureno mpaka wakakubaliana: vuli hii wazee wa kule waje Ferrara, na baridi ikiisha wazee wa Ferrara waende kule. Wengine wangesaidia jikoni parokiani, wengine wangewasomea wagonjwa magazeti. Mmoja alipangiwa karakana ya Adelmo, kwenye ua mdogo chini ya ukuta wa mji, ambako baiskeli zilizotupwa zilifufuliwa na kupewa wasio na uwezo.

Adelmo aliisimamia karakana hiyo tangu astaafu, miaka kumi na minne sasa. Ufunguo wake pekee alikuwa nao shingoni, kwenye kamba ya kiatu. Na wiki iliyotangulia Loredana alikuwa amemwambia, kwa ile sauti ya kumbembeleza paka, kwamba mwakani watakaa wazungumze juu ya nani aushike. "Una miaka sabini na sita, Bwana Adelmo. Hatukufukuzi. Tunafikiria tu." Sasa anashushiwa fundi kutoka Ureno. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Adelmo hakuwa mgonjwa.

Nje ya stesheni, baiskeli nane za wageni zilikuwa zimeegemezwa ukutani. Wageni walizitazama, wakatazamana. Moja madigadi yake yalifungwa kwa waya, nyingine siti ilivalishwa mfuko wa plastiki, na ya tatu ilipakwa rangi ya mlango kwa brashi ya mlango.

"Msiogope," Loredana alicheka. "Hapa kwetu baiskeli mbaya haiibwi."

Mji mzima unaishi kwa kanuni hiyo. Wanaosema kizuri chajiuza hawajawahi kuegesha baiskeli Ferrara. Hapa kizuri huondoka hujamaliza hata kahawa yako. Kwa hiyo mwenye akili hununua baiskeli nzima akaichakaza mwenyewe, na utamwona daktari na hakimu wakipanda vyuma ambavyo kwingine vingezolewa na watu wa skrapa.

Mreno mmoja hakucheka wala hakuguna. Alikuwa mfupi, mpana, mwenye masharubu meupe. Aliinua gurudumu la nyuma la baiskeli aliyopewa, akazungusha pedeli kwa mkono, akatega sikio. Kisha akaishusha na kumtazama Adelmo.

"Nje mzoga," alisema kwa Kiitaliano cha kuungaunga. "Ndani saa. Nani fundi?"

"Mimi."

"Abílio," alisema akinyoosha mkono. "Natoka mji wa Águeda, kiwanda cha usukani wa baiskeli, miaka thelathini na mmoja. Lugha yenu nilijifunza kwa waashi wenu kule Uswisi, ndo maana natukana vizuri kuliko ninavyosalimia."

Wenzake wakaangua kicheko. Adelmo aliupokea ule mkono. Ulikuwa mgumu, na katika mistari ya kiganja mlikuwa na ule weusi wa grisi usiotoka kwa sabuni wala kwa miaka. Fundi kweli. Hilo ndilo lililomkosesha raha. Angeletewa mzembe, angelala vizuri.

Kwa siku tatu alimchunga. Abílio alifika kila asubuhi kabla ya saa mbili, akasimama kwenye ukungu akisubiri Adelmo aje na ufunguo. Siku ya tatu Loredana akamchongeshea ufunguo wa pili. "Mzee wa watu atapata nimonia," alisema. Siku nzima mkono wa Adelmo ulikuwa ukipanda shingoni kuupapasa ufunguo wake, kama vile nao ungeweza kupunguka.

Mreno alikuwa mtu wa maswali. Spoku hizi unaziweka wapi? Kwa nini tyubu za zamani unazikata vipande? Adelmo alimjibu nusunusu. Kwa vipande vya tyubu alifunga kila kitu: pampu, mafungu ya spoku, hata mfuniko wa sufuria nyumbani. Alizungusha mara tatu, akapitisha ncha chini ya mzunguko wa kati, akaivuta mpaka ikalia. Fundo lilikuwa lake, na hakuna mwingine aliyejua kulifunga.

"Spana ya kumi na tano iko wapi?" Abílio aliuliza siku ya Alhamisi.

"Kwenye msumari wake."

Haikuwapo kwenye msumari wake. Walitafuta nusu saa nzima. Mwisho Abílio aliikuta ndani ya mkebe wa kahawa, imezama mpaka shingoni. Akaifuta, akaitundika mahali pake, akarudi kwenye kazi. Adelmo moyoni alisema mengi. Aha. Kumbe ndivyo wanavyofanya. Wanakufichia kifaa, wanakitoa mbele ya macho yako, kesho wanamwendea Loredana: mzee amechoka huyu.

Alipotoka kazini akapitia kwa Vanes, mwenye baa karibu na ngome, waliyesoma naye darasa moja. Vanes alimsikiliza huku anakausha glasi.

"Wivu huo," alisema. "Unamwonea wivu babu wa watu."

"Wivu wa nini? Nakwambia mtu katoka mwisho wa dunia aje kunikazia nati bure. Bure! We ungeenda?"

"Mimi hata kwa mshahara siendi." Vanes aliinama juu ya kaunta, akashusha sauti. "Ila kaa macho, ndugu yangu. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Si ndo ninachosema!"

Nyuma ya mlango wa karakana palikuwa na baiskeli ambayo haikuwa ya kumpa mtu. Ilikuwa ya kike, nzito, yenye breki za fito za chuma, na kwa ubaya ilizishinda zote mjini. Adelmo mwenyewe ndiye aliyeiharibu, miaka arobaini iliyopita. Aliipaka rangi ya kahawia iliyobaki kwenye madirisha, tabaka mbili, nikeli na vyote, akaizungushia siti gunia. Ilikuwa ya dada yake, Nives. Mwaka wa mabomu ya vita, Nives akiwa na miaka kumi na mitano, alimpandisha mdogo wake wa miaka sita juu ya usukani akamwendesha hadi kwa shangazi yao upande wa Copparo, njia yote tope, na nyuma yao stesheni inawaka moto. Hakusimama hata mara moja. Kengele ilikuwa katikati ya mapaja ya Adelmo, baridi, na Nives alimwambia aigonge, aigonge tu asiache, ili asisikie mengine.

Sasa Nives alikuwa na miaka themanini na mitano, yumo katika nyumba ya wazee nyuma ya kanisa, na hamjui mtu. Ilianza kwa vijiko. Vilipotea vijiko vya fedha vya mama yao, na Nives akamshika Halyna, yule mama wa Kiukreni aliyekuwa anamtunza. Alimwita mwizi mpaka ngazini, majirani wakachungulia. Halyna aliondoka analia, na begi moja. Mwezi mmoja baadaye Adelmo alivikuta vijiko ndani ya pipa la unga. Akavifuta, akavirudisha kabatini. Adelmo hakumtafuta Halyna. Aliona aibu, akajiambia kwamba mwanamke mchapakazi kama yule atakuwa ameshapata pengine.

Kila Ijumaa, kutwa nzima, alikaa na Nives. Alimpelekea mkate wa pembe nne na kumkatia pembe mojamoja. Ijumaa ile aliporudi, saa kumi, aliukuta ua wa karakana umejaa watu. Wareno wote wanane walikuwepo, na Loredana na simu zake. Na katikati yao, juu ya stendi, palikuwa na kitu cha kijani.

Kwanza hakuitambua. Kilikuwa kijani cha jani changa la mzabibu, chenye mistari miwili myembamba ya dhahabu. Usukani wa nikeli ulimrudishia uso wake mwenyewe. Kisha akaiona kengele, akajua ni ile ya Nives, ambayo rangi yake alikuwa ameisahau kabisa. Miaka yote hiyo alikuwa akiikumbuka safari ile kwa rangi ya kahawia.

"Tangu asubuhi, watu wanane, msasa na dawa ya kutoa rangi," Abílio alisema, vidole vimemvimba. "Zawadi yako. Chini ya uchafu kumbe yumo malkia!"

"Nani kakwambia uiguse?"

"Iko nyuma ya mlango, kila siku naiona, nasema..."

"Nimekuuliza, nani kakwambia!" Sauti ilimtoka mpaka njiwa wakaruka ukutani. "Miaka arobaini nimeificha! Umemvua nguo mbele ya mji mzima, halafu unaniambia zawadi?"

Loredana aliingia kati, akamweleza Abílio taratibu. Mreno akawa mwekundu hadi masikioni.

"Kwetu baiskeli nzuri unaiosha," alisema. "Sikujua kwamba ubaya wake ndo kufuli."

"Na mimi picha nimeshaiweka kwenye ukurasa wa chama," Loredana alisema polepole, kama anayekiri kwa padri. "Watu mia tatu wameipenda."

"Mia tatu," alisema Adelmo. "Basi mwizi ni mmoja wao."

Siku hiyo karakana aliifunga mwenyewe. Hilo alilikumbuka vizuri: baiskeli ndani, kufuli, ufunguo, akavuta mara mbili kuhakikisha.

Jumamosi asubuhi haikuwepo.

Kufuli lilikuwa zima. Dirisha lilikuwa zima. Adelmo alisimama mbele ya stendi tupu, viatu vyake vimejaa tope ambalo hakujua amelikanyaga wapi, na hakuhitaji polisi wala mpelelezi. Funguo zilikuwa mbili. Mmoja ulikuwa shingoni mwake.

Wageni walikuwa mezani katika ukumbi wa parokia, wanakula vile vibunda vya tambi vilivyojazwa boga, pamoja na nusu ya wazee wa mtaa. Adelmo aliingia na kofia kichwani, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani mwake.

"Iko wapi?"

Vijiko vikanyamaza.

"Bwana Adelmo, kaa kwanza ule," alisema Loredana.

"Sikuulizi wewe, Bi Loredana, namuuliza huyu. Umeipeleka wapi baiskeli ya dada yangu? Kufuli halikuvunjwa. Ufunguo ninao mimi, na unao wewe. Ulivyoisafisha, nilidhani ni ujinga. Kumbe ulikuwa unaosha kuku kabla ya kumpika!"

Abílio aliweka uma chini. Uso wake haukuwa na hasira, jambo lililomzidishia Adelmo hasira.

"Miaka thelathini na mmoja nimeshika baiskeli za watu," alisema. "Hakuna hata moja iliyonifuata nyumbani." Akatoa ufunguo mfukoni, akauweka mezani kando ya mkate. "Jumanne kuna treni. Siwezi kula mkate mahali ninapoitwa mwizi."

"Una hakika lakini?" Loredana alimfuata Adelmo mpaka nje. "Niambie tu kama una hakika. Maana nikimrudisha mtu kwao kwa jambo hili, limemganda maisha yake yote. Na hata kubadilishana kwetu kumekwisha."

"Nina hakika kama ninavyolijua jina langu."

Lisemwalo lipo, watu walisema, na hadi Jumapili mchana lilikuwa limesemwa kila baa. Mama mmoja wa Kireno alikwenda sokoni kununua figili, na wateja wenzake wakahamishia mikoba upande wa pili. Vanes alimmiminia Adelmo divai bila kumwomba chochote. "Nilikwambia," alisema. Loredana alimrudishia ufunguo wa pili bila kumtazama. Sasa funguo mbili zilining'inia kwenye kamba ile ya kiatu na kugongana kila alipotembea. Alikuwa ameshinda. Alishangaa kwa nini chakula hakipiti.

Jumanne ilianguka sakitu ya kwanza, umande ukaganda juu ya mawe. Adelmo aliamka na baridi ya miguu, akachukua kikapu na kushuka ghala la chini ya nyumba yake kuchukua kuni, kwa mara ya kwanza tangu baridi iliyopita. Taa ya kule ilikuwa hafifu. Alijaza kikapu kutoka juu ya lundo, na kuni zilipopungua akaona blanketi nyuma ya lundo. Lilikuwa blanketi la Nives, la miraba, ambalo hukaa kabatini juu.

Alilishika pembe, akalivuta kidogo. Kijani.

Furaha ilimpanda, akataka kupiga kelele. Amekuja kuificha humu, yule mshenzi, ndani ya nyumba yangu mwenyewe! Kisha akaona namna blanketi lilivyofungwa. Vipande vya tyubu. Mizunguko mitatu, ncha imepita chini ya mzunguko wa kati, imevutwa mpaka mwisho.

Aliyagusa mafundo yote manne, moja baada ya jingine. Ndani ya kengele mlikuwa na kitambaa kilichosokomezwa ili isilie njiani. Ni jambo ambalo angelifanya mtu anayeijua kengele ile.

Adelmo alikaa kwenye ngazi. Alijaribu kurudi Ijumaa. Alifunga kufuli, akavuta mara mbili, akaenda nyumbani, akapasha supu. Baada ya supu palikuwa na shimo. Alilizunguka shimo lile, akachungulia huku na huku, na halikumwonyesha kitu: si barabara, si tope, si mikono yake ikifunga. Akaikumbuka spana kwenye mkebe wa kahawa. Akavikumbuka vijiko kwenye unga. Aliogopa. Hata kwenye mabomu hakuwahi kuogopa hivi, kwa sababu siku ile kulikuwa na mtu anayeendesha.

Mbele yake, kwenye rafu, lilikuwepo kopo la rangi ya kahawia. Alilijua kopo lile kabla ya kulitazama, na pembeni yake ilikuwepo brashi. Saa mbili kasoro. Treni ya Mreno ilikuwa ya saa nne. Mtu akikaza mkono, kazi ile ni ya saa moja, tabaka moja la harakaharaka, na hakuna binadamu atakayejua. Baiskeli ikauke humu humu mpaka baridi iishe. Karakana ibaki yake. Loredana ameshaanza kumwonea huruma. Mzee aliyeibiwa hanyang'anywi ufunguo. Alifungua kopo kwa bisibisi. Rangi ilikuwa imejitandaza utando juu, akaitoboa, akakoroga. Chini ilikuwa bado laini.

Aliinyanyua brashi, ikadondosha tone moja kwenye kiatu. Na hapo, pasipo kuitwa, akaja Halyna. Hakumkumbuka uso, alikumbuka begi, lile begi la bluu lenye zipu iliyoharibika, na namna alivyolishika kwa mikono miwili akishuka ngazi ili vitu visimwagike mbele ya majirani.

"Yesu na Maria," Adelmo alisema peke yake, "ni mara ya pili."

Akafunika kopo.

Kuipandisha baiskeli ngazini kulimmaliza pumzi. Aliichomoa kengele kitambaa, akafuta usukani kwa mkono wa koti, akapanda. Hakuwahi kuiendesha tangu awe mtu mzima. Siti ilikuwa chini, magoti yakampanda juu kama ya panzi. Sakitu ilikuwa bado juu ya mawe, na jua limetoka jembamba, na baiskeli ile iliwaka mtaa mzima. Watu wakasimama. Mwuza magazeti alitoa kichwa kibandani. Mtu asiye na lake jambo hapandi kitu cha namna hiyo Ferrara, mchana, bila hata doa la matope.

Vanes alikuwa anapanga viti nje ya baa.

"Adelmo! Umeipata!" Akaangusha kiti. "Nani? Nani aliyeiba?"

Angeweza kuinamisha kichwa apite. Alifunga breki, fito zikalia, akaweka mguu mmoja chini.

"Mimi," alisema.

"We nini?"

"Mimi, Vanes. Waambie na wenzako wakija."

Akaendelea. Nyuma yake hakusikia kiti kikiinuliwa.

Stesheni walikuwepo Wareno wote, wamesimama pamoja kama watu wa msibani, na Loredana kando yao. Abílio alikuwa na koti lake jema na sanduku moja. Sanduku la pili lilikuwa miguuni mwa Loredana, limefunguliwa kidogo, na ndani mlikuwa na raba za breki, minyororo, kengele mpya zimefungwa kwenye karatasi. Loredana aliona Adelmo anavyolitazama.

"La karakana hilo," alisema kwa ukali. "Walichanga wenzake wa kiwandani. Kasema libaki vilevile." Ndipo akaiona baiskeli. Akaweka mkono mdomoni. "Ilikuwa wapi?"

"Kwangu. Chini, nyuma ya kuni." Wareno saba walikuwa wanamtazama, na abiria wengine pia, na hilo lilikuwa sawa, kwa sababu hata kule ukumbini watu walikuwa wengi. "Niliiweka mimi mwenyewe. Sikumbuki kuiweka, Bi Loredana. Hata kidogo. Na spana ile, bwana, ya kwenye kahawa, nadhani na yenyewe ni mimi." Akamgeukia Abílio. "Nilikuita mwizi mbele ya watu. Nisamehe mbele ya watu."

Macho ya Loredana yalishuka kwenye kamba ya kiatu shingoni mwa mzee, yakaondoka haraka, na Adelmo akaona yalipotua. Alijua sasa wameelewana juu ya ule ufunguo.

Abílio hakumtazama hata usoni. Alikuwa anatazama gurudumu la nyuma, na kichwa amekiinamisha kama siku ile ya kwanza.

"Breki inagusa," alisema hatimaye. "Nimeisikia tangu unaingia."

"Najua."

"Itakula rimu ya gurudumu."

"Najua, nimekwambia. Sikuja na spana."

Spika ilitangaza treni ya saa nne. Mreno akapumua kwa nguvu puani, akatukana kidogo, vizuri, kama mwashi wa Kiitaliano. Kisha akapiga goti moja kwenye saruji na kupekua ndani ya lile sanduku la pili.

"Inua," alisema.

Kuinua kulihitaji mikono miwili na shingo isiyo na kitu kinachoning'inia kwenye spoku. Adelmo alivua kamba ile ya kiatu pamoja na funguo zake mbili, akatafuta mahali, akaitundika kwenye usukani. Akaishika baiskeli kwa siti na kuinyanyua. Treni iliingia ikiwapulizia baridi, milango ikafunguka, na mama wa Kireno akashika mpini wa sanduku la Abílio bila kujua alipeleke mbele au alirudishe nyuma. Chini, kidole kinene cheusi kilisukuma pedeli. Gurudumu likazunguka hewani, baiskeli ikatetemeka, na zile funguo mbili zikawa zinagonga kengele, zinaigonga tu, hazikuacha.